Risala ya Wagonjwa Wenye Maumivu Sugu ya Uso, Mkoa wa Tanga, kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya, mgeni wetu rasmi;
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa;
Mganga Mkuu wa Mkoa na waganga wakuu wa wilaya;
Viongozi wetu wa dini na wa serikali za mitaa;
Mabibi na mabwana.

Sisi ni wagonjwa kutoka Tanga mjini, Muheza, Pangani na Lushoto. Tulifahamiana kwenye foleni za hospitali, tukitambuana kwa kanga na skafu tulizojifunga mashavuni mchana wa jua kali. Baadhi yetu tunaugua mshipa wa fahamu wa tano, ule unaotoka kwenye ubongo na kugawanyika matawi matatu: la paji la uso na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Maumivu yake hupiga upande mmoja kama shoti ya umeme, yakaachia, kisha yakarudi. Wengine yao hayapigi, yanafukuta kutwa kucha, na kila kipimo kinatoka safi. Wapo pia walioachiwa maumivu na mkanda wa jeshi baada ya malengelenge kukauka. Kwa unyenyekevu tunaleta mbele yako yafuatayo.

1. Kung'olewa meno mazima. Mtu akishika taya, kila anayemwona humwambia ni jino. Linang'olewa la kwanza, maumivu yanabaki. Linang'olewa la jirani yake, yanabaki vilevile. Mwenzetu mmoja, mama lishe, amesaliwa na upande mmoja tu wa kutafunia, na huo ndio unaouma. Anapika wali wa watu tangu alfajiri, yeye mwenyewe anakunywa uji wa vuguvugu kwa pembe ya mdomo.

Tunaomba wahudumu wa kinywa na meno wa ngazi zote wapewe mwongozo mfupi, kwamba jino lisiloonyesha kuoza wala ufa lisiguswe kabla mgonjwa hajaulizwa: maumivu yanadumu muda gani, yanaamshwa na nini, na je, yanavuka kwenda upande wa pili wa uso? Maswali hayo hayahitaji mashine.

2. Kutoaminiwa. Uso wetu hauna kidonda wala uvimbe, na anayeumwa bila alama huonekana anajidekeza. Nyumbani tunaambiwa tumerogwa. Zipo ndoa zilizoyumba kwa maneno hayo, na wapo waliochanjwa chale shavuni, palepale panapouma. Hospitalini tunaambiwa ni mawazo. Lakini Mheshimiwa, tazama tunavyoishi. Dada mmoja wa Lushoto hunawa upande mmoja tu wa uso, na asubuhi za ukungu hazungumzi na mtu mpaka jua litoke. Wanaume wamefuga ndevu za upande mmoja kwa kuogopa wembe. Waislamu miongoni mwetu hutawadha kwa hofu, maana maji yakigusa shavu tu, yameamsha. Mtu hajifanyi hivi miaka nenda miaka rudi.

Kwenye daftari la MTUHA, la kumbukumbu za wagonjwa, nako tunaandikwa jino, kichwa au sinusi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo yalipoanzia mengine yote: ugonjwa usioandikwa hauagiziwi dawa wala hautengewi fungu. Madaktari duniani wanayatambua hata maumivu yasiyojulikana chanzo. Yakimshika mtu usoni kila siku kwa zaidi ya saa 2, kwa zaidi ya miezi 3, na uchunguzi usione kasoro, yana jina lake na nafasi yake katika orodha ya kimataifa ya maumivu ya kichwa na uso.

Tunaomba yaandikwe kama yalivyo. Tabibu akiandika kwamba chanzo hakijajulikana atakuwa amesema kweli, nasi tutamshukuru kuliko akituambia hatuumwi.

3. Dawa kukatika. Kabamazepini imekuwa ikitumika kwa ugonjwa wa mshipa wa tano tangu miaka ya 1960, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haina ugeni nchini, kwani ndiyo wanayopewa wenzetu wa kifafa. Ikipatikana, mtu aliyekuwa hali wala halali huketi akala ugali na watoto wake. Lakini huja na kukatika, tukaambiwa tukanunue nje, na asiye na kitu hukata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Pia tunaandikiwa bila kupimwa damu, ilhali inaweza kushusha chumvi mwilini na chembe za damu, na kulisumbua ini. Akina mama hawaambiwi kwamba inaweza kupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango. Wala wanaotumia ARV hawaambiwi kwamba inaweza kupunguza nguvu za dawa hizo pia. Wenye maumivu ya kufukuta huandikiwa amitriptilini kwa dozi ndogo, lakini wakisikia mitaani kuwa ni dawa ya sonona huitupa, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwamba hutuliza mishipa ya fahamu pia.

Tunaomba Bohari ya Dawa ituhesabu pamoja na wagonjwa wa kifafa inapoagiza, vipimo vya damu viende sambamba na dawa, na kila mgonjwa aelezwe anachokimeza.

4. Rufaa na vipimo. MRI ndiyo huonyesha kama kuna uvimbe, au kama mshipa wa damu unaukandamiza ule wa fahamu. Upo upasuaji wa kuitenganisha mishipa hiyo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ina mabingwa wa upasuaji wa ubongo. Tunajua si kila mmoja wetu anafaa kupasuliwa. Tunataka kuambiwa hivyo na anayejua.

Tunaomba rufaa zisicheleweshwe. Kipimo cha MRI kiwemo katika kitita cha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Na kambi za madaktari bingwa zikija Tanga, zije na daktari wa mishipa ya fahamu.

5. Kazi. Mwalimu na mnadi samaki hula kwa mdomo wao, na kuzungumza ndiko kunakoamsha maumivu. Tunaomba cheti cha daktari kuhusu ugonjwa huu kiheshimiwe na waajiri.

Mheshimiwa Waziri, tumeteua wenzetu watatu watakaofika ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa siku yoyote itakayopangwa. Tunaomba hoja ya kwanza na ya pili zianze kushughulikiwa mapema, kwa kuwa hazisubiri bajeti.

Tunaomba kuwasilisha.

Wagonjwa wenye maumivu sugu ya uso, Mkoa wa Tanga