Mama yake yuko wapi?



Likizo inapofika, wengi wetu hapa Bukavu tunaulizana: watoto tuwapeleke wapi? Safari hii jibu letu ni Lwiro, katika Kabare, kwa njia ya Kavumu. Familia za ushirika wetu tulienda pamoja, na tulirudi na mazungumzo ya kututosha juma zima.

Kituo cha utafiti cha Lwiro kilianzishwa mwaka 1947. Kina makumbusho ambamo wanyama waliokufa zamani wametunzwa ili wanafunzi wajifunze. Lakini karibu na hapo wako walio hai: tangu mwaka 2002, kituo hicho pamoja na ICCN, wenye kulinda mbuga za inchi yetu, wanalea sokwe na nyani yatima. Hapo ndipo watoto wakatuuliza: “Mama yake yuko wapi?”

Tuliwajibu bila kuwaficha. Mama sokwe hunyonyesha miaka minne au zaidi, na mtoto hubebwa kama sisi tunavyobeba wetu. Hakubali kumwachilia. Mwindaji akimtaka mtoto, anaua mama kwanza, na mara nyingi wengine wanaokuja kumtetea. Nyama inaliwa, mtoto anafungwa kamba na kuuzwa. Pale Lwiro wako wanawake wenye kazi ya kuwapakata hao yatima na kuwanywesha maziwa.

Kisha likaja swali letu wenyewe: ukimwona sokwe mdogo sokoni, amefungwa na analia, si vema umnunue ili umwokoe? Hapana, mama. Franka zako zitamwonyesha mwindaji kwamba kazi yake inalipa, naye atarudi porini kuua mama mwingine. Tena sheria inakataza kumfuga nyumbani. Mafua yetu yanaweza kumwua, na magonjwa yake yanaweza kuingia kwa watoto wetu.

Basi tufanye hivi. Usinunue, hata kwa huruma. Usimguse wala kupiga naye picha. Shika vizuri mahali ulipomwona, kisha upashe ICCN habari upesi. Usigombane na muuzaji ukiwa peke yako. Na nyama ya sokwe au ya ngagi isiingie kamwe katika chungu chetu.

Kwa wanaojitayarisha kwenda Lwiro: toeni habari mbele ya kufika. Mwenye kukohoa abaki nyumbani, hata akilia. Bebeni chakula na maji yenu, lakini mtoto asiwatupie wanyama ndizi wala biskuti. Msiwaharakishe watoto, waacheni waulize.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kilete swali moja la mtoto ambalo mama alishindwa kulijibu. Tutalitafutia jibu pamoja.