Fort Jesus si Daftari la Kuandikia Majina

Ndugu msomaji, wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, sisi wanafunzi tukizuru Mombasa, mwenyeji hupona kweli? Katika ziara ya chama chetu nilimwona mwanafunzi wa shule nyingine akichomoa bikari na kukwaruza jina lake ukutani mwa Fort Jesus, wenzake wakicheka. Jamani, hiyo ni aibu!

Wapo wanaojitetea ati hilo ni jengo la wakoloni tu, liachwe libomoke. Hoja hii haina mashiko. Ni kweli Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka wa 1593. Lakini mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa aliiteka, na mwaka wa 1698 Waomani wakaitwaa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Waingereza nao wakaigeuza kuwa gereza. Historia hiyo, tamu kwa chungu, ni yetu.

Wengine ni wajanja zaidi. Huuliza, "Mbona michoro ya mabaharia Wareno imehifadhiwa mle ndani, yetu ikatazwe?" Swali zuri. Baharia yule alichora merikebu, na leo twajifunza jinsi vyombo vya zama zake vilivyokuwa. Sasa "Fulani wa 4 Kusini" atamfunza nani, na nini?

Bahari nayo yaumizwa vivyo hivyo. Kaskazini mwa kisiwa kuna hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka wa 1986. Tumbawe si jiwe tu. Hujengwa na wanyama wadogo walio hai, na mengine hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Ukilivunja upeleke zawadi nyumbani, umebeba kazi ya miaka mingi mfukoni. Kumbuka pia kwamba kuta za ngome zenyewe ni za mawe ya matumbawe. Anayeharibu huku na anayeharibu kule, wote wezi wa mali moja.

Kwa maoni yangu, walimu watufunze habari za mahali kabla hatujapanda basi, na bikari zibaki shuleni. Nasi tukemeane bila kuoneana haya. Atakaye kuacha jina, na aandike makala katika jarida hili. Hapa nafasi ipo, tena hapana ukuta utakaoumia.