Tuwaandae wanafunzi kabla ya kuwavusha mpaka

Tangu UNESCO ilipoitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo Novemba 2021, hamu ya vyuo vyetu kuwapeleka wanafunzi Tanzania imezidi maradufu, na Zanzibar ndiyo inayotajwa kwanza. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwa walimu na wakuu wa vyuo, kwamba kwa kuwa tunakwenda kwa watu tunaosema nao lugha moja, hakuna la kuandaliwa isipokuwa nauli. Anayewapeleka wanafunzi Ujerumani huwafunza juu ya chakula, salamu na malazi kwa wiki kadhaa. Anayewapeleka Unguja hukodi basi.

Mimi nashikilia kinyume chake. Mgeni asiyejua lugha husamehewa mengi, kwani hata akikosea wenyeji husema hajui. Yule anayeisema lugha kwa ufasaha hudhaniwa kuwa amekusudia kila alilotamka.

Mwanafunzi wa bara nchini Kenya akiingia mkahawani husema "Nipe chai" bila ya nia yoyote mbaya. Unguja mtu husema "Naomba chai", na asiyeomba huonekana anaamrisha. Kadhalika "shikamoo", ambayo kwetu bara aghalabu huishia vitabuni, huko ni haki ya kila mzee, na kijana anayempita mzee kwa "Habari" peke yake huacha nyuma yake manung'uniko asiyoyasikia. Haya ni madogo, na mwalimu mwerevu anaweza kuyafundisha ndani ya basi kabla ya kufika Namanga. Makubwa huzuka usiku, pale mnapotafuta mahali pa kulala.

Julai 2023 niliwaongoza wanafunzi 31 wa ualimu, wasichana 18 na wavulana 13, pamoja na mwalimu mwenzangu wa kike. Tulikuwa na barua ya taasisi iliyotualika, iliyotuahidi bweni kwa usiku tano. Tuliposhuka katika bandari ya Malindi jua likiwa limekwisha kuzama, tuliarifiwa kwamba bweni limepewa kundi jingine, na kwamba vilivyobaki ni vitanda 12. Julai ni msimu wa watalii visiwani. Nyumba za wageni za Mji Mkongwe zilikuwa zimejaa, na chache zilizokuwa na nafasi zilitutajia bei kwa dola, kwa kila kichwa. Pesa tulizokuwa nazo zingetulaza usiku mmoja, kisha turudi nyumbani kwa miguu.

Aliyetuokoa ni maalim mmoja mstaafu aliyekuja kutupokea. Alizunguka mtaani kwake na kubisha hodi. Kufikia saa nne usiku wasichana wote walikuwa wamegawanywa katika nyumba sita za majirani, na mwenzangu akiwa nao. Wavulana walipata vile vitanda 12, na mmoja akalala nami kwenye mikeka barazani kwa maalim. Hakuna aliyetutoza hata senti.

Wengi wangesema mambo yaliishia hapo kwa heri. Kwa kiongozi wa msafara ndipo yalipoanza. Anayelala hotelini amenunua chumba, na pamoja nacho amenunua haki ya kutowajali wenye mji. Anayelala nyumbani kwa mtu hana haki hiyo. Asubuhi ya pili, Bibi mwenye nyumba mojawapo aliwapa wasichana wake watatu kanga za kujitanda kabla ya kutoka, na kuwataka wawe wamerejea kabla ya magharibi. Mmoja wao alinijia akiwa amekasirika. "Mwalimu, mbona tulazimishwe ilhali sisi si Waislamu?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dhamiri na wa dini, na mwalimu wa Kenya hana mamlaka ya kumvisha mwanafunzi dini ya mtu mwingine. Lakini Bibi hakuwataka wasali. Aliwataka wasimwaibishe kwa majirani, baada ya kuwahamisha wanawe kitandani ili wao walale. Nilimweleza hivyo binti yule, nikamwambia pia kwamba akiona vigumu, mwenzangu angebadilishana naye mahali. Alijitanda kanga. Sidhani kwamba nilimshawishi. Nadhani alikubali kwa kumheshimu Bibi, na hiyo ni sababu bora kuliko maneno yangu.

Usiku wa tatu umeme ulikatika. Mwanafunzi mmoja akatoka chumbani akasema kwa sauti, kama tusemavyo kwetu, "Stima imepotea!" Bibi aliinuka kwenye mkeka akauliza, "Stima gani, mwanangu? Ya Pemba?" Kwa watu wa umri wake stima ni meli. Na katika visiwa vile, ambako MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba na mamia ya watu wakaangamia, meli kupotea si neno la kusemwa ovyo gizani. Mwenzangu alieleza haraka, watu wakacheka, lakini Bibi alikaa kitambo bila ya kusema. Wanafunzi wale walikuwa wamesoma lahaja kwa mihula miwili, na wangeweza kukuorodheshea tofauti za Kimvita na Kiunguja. Hakuna mhadhara uliowaambia kwamba neno la kawaida la Nairobi lingeweza kumtia mtu hofu namna ile.

Haya yote hayamo katika bajeti za vyuo vyetu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa watu kuvuka mipaka, na viongozi hawachoki kuitaja majukwaani. Lakini itifaki haimlazi mtu kitandani. Chuo hulipia basi na feri, kisha humkabidhi mwalimu roho za watu bila ya akiba yoyote ya malazi, na mara nyingi humtuma mwalimu mmoja wa kiume pekee kuwaongoza wasichana. Lau mwenzangu hangekuwapo usiku ule, nisingethubutu kuwatawanya mabinti wa watu katika nyumba nisizozijua, hata kama wenyeji ni wema kiasi gani. Tungekesha bandarini.

Niliporejea niliuandikia uongozi wa chuo nikiomba mambo matatu: akiba ya malazi ya usiku mbili iwe mkononi mwa mwalimu, mwalimu mmoja atangulie kuviona vitanda kwa macho yake, na ziara iondolewe Julai. Hilo la mwisho liliwaudhi wengi, kwa kuwa Julai 7 ina magazeti na picha. Nilijibiwa kwamba mapendekezo yangu yangezingatiwa fedha zikipatikana. Ziara iliyofuata ilipangwa tena kuwa Julai, na barua ya mwaliko, kama ile ya kwanza, iliahidi bweni.