Jina Lilithaminiwa, Wafumaji Wakaachwa

Mali ya bepari huuzwa na kununuliwa mara nyingi, lakini yule aliyeitolea jasho hatajwi katika hesabu ya mnada. Ushahidi wa neno hili umo katika habari za jumba la mavazi la Christian Dior, la mjini Paris.

Wengi hudhani kuwa jumba hilo ni tunda la fundi mmoja mwenye kipaji. Kipaji hatukikatai. Lakini Dior alipolianzisha mwaka 1946, fedha zilitoka kwa Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba. Mwezi Februari, 1947, Dior alionyesha mavazi yake ya kwanza: sketi pana zilizokula vitambaa vingi, wakati nguo zilikuwa bado haba baada ya vita. Mwenye kufuma vitambaa hakukosa kuiona faida yake.

Dior alifariki mwaka 1957. Baadaye viwanda vya Boussac vilidhoofika, na mwaka 1978 vikaangukia mikononi mwa ndugu wanne wa ukoo wa Willot. Nao wakafilisika mwaka 1981. Serikali ya Ufaransa, iliyoongozwa wakati huo na Wasoshalisti, ilitoa fedha za umma ili kuvinusuru, kisha ikatafuta mnunuzi. Mwaka 1984 alipatikana Bernard Arnault, kijana wa miaka 35, aliyeahidi kulinda kazi za watu. Haukupita muda mrefu viwanda vikaanza kuuzwa, hata kile cha nepi, na maelfu ya wafanyakazi wakatoka mikono mitupu. Alichokishika sana ni jina la Dior na duka kubwa la Le Bon Marché.

Kwa ngazi hiyo alipanda, hata mwaka 1989 akashika usukani wa LVMH, kampuni iliyokuwa tayari na manukato ya Dior. Mwaka 2017 LVMH ililinunua jumba la mavazi lenyewe kwa Euro bilioni 6.5, na mwuzaji alikuwa kampuni nyingine iliyo chini ya Arnault huyo huyo. Mali ilitoka mkono wa kulia ikaingia wa kushoto.

Watetezi wake husema kuwa viwanda vile vilikuwa vikila hasara, na pengine vyote vingalikufa. Hoja hiyo ina uzito. Wala hatusemi hasara ilipiwe milele na wananchi. Tunalosema ni hili: fedha za umma zikitolewa kwa ajili ya kazi za watu, basi kazi hizo ziandikwe katika mkataba, kwa idadi na kwa miaka, na mwenye kuuvunja arudishe alichopewa.

Ndugu wafanyakazi, kiwanda kinapobadili mwenyewe, msingoje kusoma habari zake gazetini. Chama chenu kiwepo mezani kabla ya wino kukauka. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa halina mdai.