Utamu si Kipimo cha Ukali: Jua Mvinyo Unaouza



Nimezoea kuwaandikia habari za viwavijeshi kwenye mahindi na bei ya machungwa. Leo naandika habari za chupa.

Mama mmoja mwenye duka karibu na kituo cha mabasi alinionyesha katoni ya mvinyo aliyoletewa na muuzaji wa jumla. Lebo ilisema "sherry, medium dry", na chini kwa herufi ndogo, asilimia 17.5. Aliyemuuzia alimwambia, "Hii ni waini laini tu, wauzie akina mama." Basi yeye akawa anaipima kwa kikombe cha plastiki cha robo lita, kama juisi ya ukwaju. Simlaumu mama huyu. Namlaumu aliyemuuzia bidhaa bila kumweleza ni nini, na natulaumu sisi wote tunaoamini kwamba kinywaji kitamu ni chepesi na kichungu ndicho kikali.

Tupige hesabu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi. Kikombe kile cha robo lita chenye asilimia 17.5 kina karibu mililita 44. Anayekunywa kikombe kimoja amekunywa kileo kinachokaribia cha bia mbili, na pengine ameshushia chipsi akidhani ni kiburudisho. Akimaliza chupa ya mililita 750, amekunywa zaidi ya bia tano. Kisha anapanda bodaboda kuvuka barabara kuu ya Chalinze–Segera, ambako malori hayalali. Huo ndio ulaini tunaouziana?

Sasa tukijue kinywaji chenyewe. Sherry inatoka Jerez, kusini mwa Hispania. Juisi ya zabibu nyeupe huachwa ichachuke mpaka chachu imalize sukari karibu yote. Hapo huwa ni mvinyo mkavu wa asilimia 11 au 12, sawa na mivinyo mingi ya kawaida. Ndipo wanapoongeza kwa kipimo pombe kali safi, nayo imetokana na zabibu, mpaka mvinyo ufike asilimia 15 au hata zaidi ya 17. Kisha unakaa kwenye mapipa angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa. Neno "fortified" kwenye lebo lina maana hiyo: mvinyo umeongezewa nguvu.

Ureno wana mvinyo wao uitwao port. Wao huongeza pombe kali mapema, uchachukaji ukiwa njiani. Chachu inakufa, sukari inabaki, na mvinyo unatoka mtamu sana na mkali vilevile, kama asilimia 20. Umeona? Sherry kavu kabisa na port tamu kama sharubati zote ni kali. Utamu unatokana na sukari iliyobaki au iliyoongezwa. Ukali unatokana na kileo. Ni mambo mawili tofauti, na ulimi wako hauwezi kukupimia la pili.

Na hiyo "medium dry"? Maana yake ni kavu kiasi: si mkavu wa kukunja uso, si mtamu wa kunata mdomoni. Mara nyingi ni sherry kavu iliyochanganywa na tamu kidogo. Rangi yake ni ya kahawia kama chai ya rangi, na ladha yake ina harufu ya karanga zilizokaangwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo ya kuangaliwa zaidi ya zote, kwa sababu utamu wake mdogo unaficha ukali na ukavu wake unakufanya utake funda jingine. Neno "medium" linasema habari za sukari peke yake. Halisemi kileo ni cha wastani.

Najua kuna atakayesema, "Afisa, wewe wa kilimo, pombe inakuhusu nini?" Inanihusu, kwa sababu zabibu ni zao na machungwa ni zao. Kikundi kimoja cha wakulima kilinijia na wazo: machungwa yanaoza msimu ukifika, kwa nini wasitengeneze mvinyo wa machungwa, kisha wauongezee gongo "uwe kama ule wa Wazungu"? Wazo la kusindika matunda naliunga mkono kwa mikono miwili. Wazo la gongo nalipinga hadharani, na nitaendelea kulipinga.

Gongo imekatazwa kisheria, hilo kwanza. La pili, hakuna anayejua asilimia yake. Pipa la leo si la jana. Huwezi kuongeza kwa kipimo kitu kisicho na kipimo. La tatu ni uhai wa watu. Mei 2014 nchini Kenya, watu zaidi ya 60 walikufa katika maeneo ya Embu, Kitui na kwingineko kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli haionekani kwa macho, wala huwezi kuitambua kwa kuonja. Anayenunua pombe kali ya vichochoroni ananunua na siri ya aliyeitengeneza.

Ukitaka kutengeneza mvinyo wa matunda, anza na ule wa kawaida usioongezewa chochote kikali. Nenda SIDO upate mafunzo, fuata taratibu za TBS, na tafuta leseni kabla ya kuuza. Ni njia ndefu, lakini mteja wako atarudi akiwa mzima.

Kwa wewe mwenye duka au grosari, fanya haya:

1. Soma asilimia ya kileo kabla ya kusoma jina. Chupa yenye asilimia 15 na kuendelea usiiweke pamoja na mvinyo wa kawaida, na mwambie mteja wazi ni kali.

2. Pima kwa glasi ndogo ya mililita 75. Chupa moja inatoa glasi 10, na kila glasi ina kileo cha kama nusu ya bia. Utauza kwa bei ya haki bila kumwangusha mtu.

3. Kagua stempu ya kielektroniki ya TRA kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu. Chupa isiyo na stempu irudishe kwa aliyekuletea, hata kama bei yake inavutia.

4. Chupa isimame wima, mbali na jua. Ikifunguliwa, ifunge vizuri na iweke kwenye friji. Inadumu kuliko mvinyo wa kawaida, lakini haidumu milele.

5. Usimuuzie aliye chini ya miaka 18, hata akisema ametumwa na baba yake.

6. Acha kuwaambia wajawazito kwamba mvinyo unaongeza damu. Kileo hakiongezi damu, na kinamdhuru mtoto aliye tumboni. Mama aende kliniki akapewe vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi.

Utaniambia biashara ni biashara. Sawa. Lakini hapa Mkata tunafahamiana. Mteja unayemuuzia kikombe cha robo lita ni jirani yako, ni mzazi wa rafiki wa mwanao, na ndiye atakayekukopesha mbegu mvua zikichelewa. Muuzaji wa jumla aliyekuambia "laini tu" keshaondoka na gari lake. Wewe ndiye utakayekwenda msibani.

Sikuombi uache kuuza. Nakuomba ujue unachouza. Leo jioni geuza kila chupa iliyoko rafuni mwako, tafuta ile asilimia, iandike kwa kalamu kubwa kwenye kipande cha karatasi, ubandike mbele yake. Kazi ya dakika kumi.

Tukutane shambani.