Joto la kaskazi au hedhi inakoma?

MAMA mmoja wa Ukunda alinijia akiwa amekwisha kumeza dawa za malaria mara tatu katika miezi miwili. Usiku alikuwa akitokwa na jasho hadi leso inalowa, na mchana mwili ukimwaka moto ghafla kuanzia kifuani hadi usoni. Hakuna aliyempima damu. Dukani aliuziwa tembe tu. Majirani walimwambia ni joto la kaskazi. Umri wake ni miaka 49 na hedhi ilikuwa imeanza kuruka miezi.

Mkobani alikuwa na pakiti nyingine: tembe za homoni alizopewa na rafikiye anayefanya kazi hotelini Diani, ambaye aliachiwa na mgeni. "Daktari, nizimeze?"

Msomaji, swali hilo sisi madaktari tumelijibu ovyo kwa miaka mingi. Mwaka 2002, nikiwa bado chuoni, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake iliyokuwa na wanawake zaidi ya 16,000, kwa kuwa waliopewa homoni za aina mbili walipatwa zaidi na saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Tukatoka chuoni na neno moja tu: hatari. Lakini tazama hesabu. Saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8 hivi katika kila 10,000 kwa mwaka, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Mama wa miaka 49 si mwenzao. Siku hizi wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kwa mwanamke asiyefika miaka 60, au ambaye miaka 10 haijapita tangu hedhi ikome, na anayesumbuliwa sana, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Kwa kawaida, nimesema. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, moyo au damu kuganda miguuni, na mwenye ugonjwa mkali wa ini, hapewi hivi hivi. Zile tembe za mkobani zilikuwa estrojeni tupu. Kwa mgeni yule huenda zilifaa kabisa, iwapo alitolewa mfuko wa uzazi. Aliye nao akitumia estrojeni peke yake, utando wa ndani hunenepa na unaweza kuzaa saratani. Sharti aongezewe projesteroni.

Jambo jingine linalonitia hofu ni damu. Kina mama wetu humwuliza mwalimu kama ni hedhi au istihadha, na kwa ajili ya swala wanafanya vyema. Lakini damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali, iwe Msambweni, Kwale au kliniki iliyo karibu, hata kama ni tone moja. Usingoje mwezi wa pili.

Ukienda, beba tarehe za hedhi zako na kila dawa unayotumia, mitishamba pamoja. Mwulize daktari kwa nini amechagua dawa hiyo, na lini mtaitazama upya. Akikasirika, tafuta mwingine.

Yule mama hakuwa na malaria. Presha yake ndiyo iliyokuwa juu mno, na wala hakuwa na habari. Tumeanza na hiyo. Ya homoni tutazungumza akirudi mwezi ujao.