Shahada Mbili kwa Miaka Mitano: Mpango Huu Unamfaa Nani?

Vijana wanaoomba vyuo vya Marekani hukutana na mpango unaovutia: miaka mitatu katika chuo kidogo cha sanaa na sayansi, kisha miwili katika chuo cha uhandisi kama kile cha Columbia. Mwishoni mwanafunzi anatoka na shahada mbili. Wengi huuona kama njia rahisi ya kufika kwenye chuo chenye jina. Hiyo ndiyo sababu mbaya kuliko zote ya kuuchagua.

Kuhama hakuji kwenyewe. Wastani wa alama unaangaliwa, na masomo ya msingi lazima yawe yamekamilika: kalkulasi hadi milinganyo tofautishi, fizikia, kemia, programu za kompyuta. Masomo haya hufuatana. Aliyeahirisha kalkulasi muhula wa kwanza huenda akajikuta mwaka wa tatu bado ana deni la masomo, huku fomu za kuhama zikimsubiri.

Tena kuna fedha. Barua ya ufadhili isomwe mstari kwa mstari. Ikiwa inataja mihula minane ya chuo cha kwanza, haisemi lolote kuhusu chuo cha pili wala mwaka wa tano. Mzazi aulize swali hilo kabla ya kusaini, na jibu alipate kwa maandishi.

Kwa mwanafunzi kutoka Nairobi au Dar es Salaam kuna la ziada. Mwenye viza ya masomo huruhusiwa kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, na fani za sayansi na uhandisi huongezewa 24. Shahada mbili za kwanza ni za ngazi moja, kwa hiyo hazimpi vipindi viwili. Anayemaliza fizikia kwa miaka minne kisha akasoma uzamili wa uhandisi anaweza kutumia muda uleule akapata shahada ya ngazi ya juu zaidi. Ila anayekusudia kurudi nyumbani aiulize kwanza bodi ya wahandisi ya nchi yake kama njia hiyo itamwezesha kusajiliwa.

Hata hivyo, wapo unaowafaa kwelikweli. Atlanta, wanafunzi wa Morehouse na Spelman wanaweza kumalizia uhandisi Georgia Tech bila kuhama mji. Dartmouth humpokea mwanafunzi kwa mwaka wa tatu, humrudisha chuoni kwake ahitimu na wenzake, kisha humpokea tena mwaka wa tano. Anayetaka falsafa na madaraja kwa uzito uleule, na anayejifunza vizuri darasani penye watu wachache, hapotezi muda hapo.

Kipimo changu ni kimoja. Mwombaji ajiulize: nisipohama kabisa, nitaridhika kuhitimu chuo hiki cha kwanza, kwa somo hili? Akijibu ndiyo, aombe. Akisita, aombe moja kwa moja shule ya uhandisi ya miaka minne.